Aliyengoja Mlango wa Sita

Dada alinituma cherehani tu, basi.

"Pitia nyumba ya zamani kabla giza halijaingia," aliniambia kwenye simu. "Uchukue cherehani ya mama. Mnunuzi anakabidhiwa funguo keshokutwa."

Nikapitia nikitoka kazini, mkoba wa vifaa begani. Mimi ni fundi umeme, na nyumba ile naijua hadi waya wa mwisho. Ndiyo maana nasema bila kumung'unya maneno: mita ilishang'olewa. Nilikuwepo ikitolewa. Humo ndani hamkuwa na umeme hata wa kumshtua mende.

Cherehani ilikuwa koridoni. Ningeibeba nikaenda zangu. Lakini chumbani, kile tulicholala mimi na mdogo wangu wa mwisho, kulikuwa na sauti...

Tik. Tik... tik.

Mtu anabonyeza kitufe.

Nikasukuma mlango. Harufu ya dawa ya kuchua kifua ikanipiga usoni, ileile tuliyokuwa tukimpaka. Televisheni ilikuwa inawaka. Mashine ya gemu ilikuwa inawaka. Juu ya godoro tupu kulikuwa na pedi mbili za kuchezea, na hakuna mtu.

Sasa niseme ukweli, ingawa unaniaibisha. Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa na gemu letu moja tukilipenda kufa: mashujaa wawili, mmoja wa upanga na mmoja wa fimbo ya uchawi, wanapanda mnara wenye milango saba. Wangu tulimwita Kaka. Wake, Dogo. Tulipofika mlango wa sita nikapata kazi mji mwingine. Siku ya kuondoka nikachomoa memori kadi, kile kidude kinachohifadhi mlipofikia, nikaondoka nacho. Makusudi. Mtoto yule alikuwa na mkono mwepesi, angemaliza kabla yangu na kunitambia maisha yote. Ni roho mbaya tu, sina jina jingine la kuipa.

Akaugua. Akawa ananipigia simu.

"Kaka, lete kadi."

"Jumamosi nakuja."

Zikapita Jumamosi saba. Ya nane nilikuja kuzika.

Tangu hapo kadi ilikaa kwenye mkoba wangu wa vifaa, katikati ya koleo na bisibisi. Kuitupa nilishindwa. Kuitumia nilishindwa zaidi.

Jioni ile nikaitoa. Nilipoichomeka mara ya tatu ndiyo ikaingia.

Mlango wa sita ukatokea. Shujaa wangu alikuwa amesimama palepale nilipomwacha. Dogo alikuwa amekaa chini, ameegemea mlango.

Katika gemu lile hakuna shujaa anayeweza kukaa.

Pedi ya pili ikatetemeka juu ya godoro.

"Kaka..."

Sauti ya mtu anayebania pumzi zisimwishie.

"Nipo, mdogo wangu."

"Nani alizima?"

"Kuzima nini?"

"Nani... alizima?"

Nilikimbia. Sioni haya kulisema hilo. Cherehani niliibeba, lakini nilivyoibeba hadi leo sijui.

Dada ni fundi wa nguo na hucheka kila kitu, hata misibani hujificha jikoni acheke. Nilipomsimulia niliyoyaona hakucheka. Aliweka mkasi mezani polepole.

"Uliizima ile mashine?"

"Ningezima saa ngapi? Nimeiacha inawaka, na kadi imo humohumo."

Akaanza kulia, mtu mzima, bila hata kujifuta.

"Ulipoondoka na kadi alianza upya, Kaka. Na bila kadi, ukizima yote yanapotea. Akakataza mtu kugusa swichi. Siku tisa ikawaka, mchana na usiku. Akafika mlango wa sita peke yake, na homa yake ile. Nikamwambia, maliza basi. Akasema hafungui mpaka uje."

Mimi nilikuwa nimeficha kadi ili asinitangulie!

"Halafu?"

"Nilikuwa naenda kwenye harusi. Nataka kupiga pasi gauni, na chumba kile kina soketi moja tu. Nikaona amelala... nikachomoa."

"Akasemaje?"

"Aliamka akaona kioo cheusi, akageukia ukutani. Hakuuliza. Kesho yake akafa. Hata mama sikuwahi kumwambia." Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Kwani leo... kuna kitu kakuuliza?"

"Hapana," nikasema. "Hakuuliza kitu."

Usiku ule sikulala. Nilimwazia dada na gauni lake. Miaka kumi na moja amebeba mzigo ambao robo tatu yake ni yangu. Ningeleta ile kadi Jumamosi ya kwanza, pasi ingeharibu nini? Na yule aliyeko chumbani angetajiwa jina la dada, angemfanyia nini? Sikutaka kujua.

Kesho yake, jua likizama, nikarudi.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mimi niliufunga? Sikumbuki. Televisheni ilikuwa bado inawaka. Tik... tik... Dogo amekaa chini vilevile.

Nikasimama kizingitini.

"Umeuliza nani alizima," nikasema. Sauti yangu haikuwa yangu. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyezima. Mwingine yeyote usimguse."

Tik ikakoma.

Harufu ya dawa ikasogea, ikasogea, hadi nikaihisi begani.

Kisha chaga za kitanda zikalia. Nikaliona godoro linabonyea upande wa ukutani, taratibu, kama mtu anavyosogea kumpisha mwenzake nafasi.

Nikaingia. Nikakaa. Pedi yangu ilikuwa na joto la mkono.