Risasi Iliyoandikwa Jembe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule ya misheni, Apolinaria alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaosha kidonda cha baba yake kwa maji ya chumvi. Kasimiri alipigwa risasi mguuni katika vita vya Burma. Sasa ulikuwa mwaka 1951, na kila masika kidonda kilifumuka upya.

Ijumaa moja ilifika barua ya serikali. Kasimiri hakujua kusoma, akampa binti yake. Apolinaria alisoma kwa sauti: "'Ombi la kutibiwa bure kama askari wa zamani limekataliwa. Mwombaji ni mkulima aliyejikata kwa jembe.'"

"Jembe?" Kasimiri alifoka. "Karani aliniuliza kazi yangu, nikamwambia nalima. Hilo la kujikata limetoka wapi?"

"Alikusomea alichoandika, baba?"

"Wapi! Alinishika kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino, akasema, 'Haya, mzee, nenda.'" Akageuza uso. "Basi, mwanangu. Serikali ikishasema, imesema."

"Imesema uongo!" Apolinaria alipaza sauti, kisha akashtuka. "Nisamehe, baba. Cheti chako cha jeshi kiko wapi?"

Kesho yake, Jumamosi, siku ambayo ofisi zilifunguliwa hadi adhuhuri, alimpakia baba kwenye baiskeli ya jirani, akaisukuma kwenye barabara ya zamani ya wapagazi hadi Tabora mjini. Jasho lilimtiririka, lakini hasira ilimtia nguvu.

Katika ofisi ya serikali walimkuta karani yule yule. "Majibu mmeshapata," alisema bila kuinua macho.

"Shikamoo, bwana. Tunaomba utusomee fomu aliyotia kidole baba."

"Mtoto hanifundishi kazi. Tokeni!"

Hapo Kasimiri hakuvumilia. Aliweka mguu juu ya benchi, akafungua bandeji mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja. "Tazama! Jembe gani huingia huku, likatokea huku?"

Watu walisogea, wakaanza kunung'unika. Kelele zikamtoa ofisini karani mkuu, Bwana Shomari. Apolinaria alimpa cheti kwa mikono miwili.

"'Jeraha la risasi, mguu wa kushoto,'" alisoma Bwana Shomari. Akaitisha fomu, akaisoma pia, kisha akamgeukia karani. "Ulikiona cheti hiki?"

"Sikumwuliza, bwana."

"Hukumwuliza, lakini jembe uliliona!"

Bwana Shomari aliandika fomu mpya kwa mkono wake. Safari hii Apolinaria aliisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari. Katikati akasimama. "Ni mguu wa kushoto, bwana. Hapa pameandikwa kulia."

Bwana Shomari alirekebisha. Ndipo Kasimiri akatia kidole.

Baada ya wiki tatu ombi lilikubaliwa. Hospitalini daktari alitoa kipande cha mfupa kilichooza, na kidonda kikaanza kufunga.

"Hasira haijanitoka," Kasimiri alimwambia binti yake alipokuja kumtazama. "Masika yote nimeteseka kwa uvivu wa mtu mmoja. Lakini na mimi nilikosea. Usitie kidole wala saini kwenye maneno usiyoyasoma, hata kama mwandishi amevaa tai. Na ukiandikiwa uongo, usiishie kulalamika jikoni. Chukua ushahidi wako, uende ukaukanushe uongo huo pale pale ulipoandikwa."