Aliyeitikia Filamu Bubu

Kopo lilikuwa linatoka kamasi. Eucabeth alilifuta mara ya tatu, na mara ya tatu ute wa kahawia ukajitokeza ukingoni, unanata, unanuka soksi zilizolala majini wiki nzima. Kwa miaka minne alikuwa amesugua vyoo vya watu, kwanza Al-Naseem kule Riyadh, sasa Al-Hamra, Jeddah, na hakuwahi kuona kinyaa namna ile.

Alitaka kumaliza upesi. Ijumaa ilikuwa siku ya kuongea na Titus, mwanawe aliyemwacha Kisii kwa nyanya yake kabla hajaota meno. Mtoto alimjua mama kwa sauti tu.

"Madam, hii kitu imeoza. Si tutupe tu?"

"Thubutu!" Bibi Saleha, mwenye nyumba, alizaliwa Jeddah lakini Kiunguja kilikuwa hakijamtoka mdomoni. "Filamu ya babu yangu hiyo. Watu wa sinema wanadhani imepotea. Kwanza ulikuwa mchezo wa jukwaani. Mwanamke kapandwa na jini, na jini likisema kwa kinywa chake mpaka watu wakiukimbia ukumbi. Kisha wakaupiga picha, na zama hizo filamu zilikuwa bubu."

Yaani jini lilipewa mdomo, likanyimwa sauti. Mwenye akili angeichoma filamu ile siku hiyo hiyo. Bibi Saleha akaenda kulala usingizi wa mchana.

Eucabeth akavuta kipande cha filamu koponi kwa ncha za vidole, akakielekeza dirishani. Vijipicha vidogo, vyote vya mwanamke mmoja, mdomo wazi. Na alipokaza macho midomo ile ikaanza kwenda, polepole, ute ukichuruzika katikati ya meno, bila hata mnong'ono, ikiunda jina alilolijua kabla halijakamilika kwa sababu lilikuwa lake, na hapo adabu aliyofunzwa na Bibi Saleha tangu siku ya kwanza, kwamba mwanamke akiitwa haitiki "eeh" kama mchunga mbuzi, ikamtangulia akili.

"Labeka."

Mdomo huponza kichwa. Bibi Saleha akatoka chumbani mbio.

"Umemwitikia nani?"

"Huyu... wa picha."

"Mtume!" Bibi Saleha akanong'ona. "Labeka ni Kiarabu, mwanangu. Umemwambia niko hapa, nitumikishe."

Eucabeth alitaka kujibu, lakini kitu cha uvuguvugu kilikuwa kimemjaa kinywani, kinanata kwenye fizi. Simu ikalia. Mkono wake ukaipokea wenyewe, na ulimi ukajiviringisha kama konokono aliyetiwa chumvi, na sauti yake mwenyewe, tamu, ya mama mwenye hamu, ikatoka huku yeye akijiziba mdomo kwa kiganja, akijing'ata vidole, akijitapikia kifuani, isinyamaze.

"Titus, baba. Mama amefika. Niko hapa mlangoni."

"Nyanya! Mama amekuja!"

Eucabeth akasikia miguu midogo ikikimbia, kisha komeo likivutwa, kule Kisii.

"Karibu ndani, mama," Titus akasema.