Laini ya Faraja

Mtu wa kwanza kupiga laini mpya ya Linet hakutaka kusukwa nywele.

Linet alikuwa na saluni Keumbu, kando ya barabara, katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Laini ile aliinunua ili simu za wateja zisichanganyike na za jamaa. Alikuwa bado hajampa mtu nambari. Hata mumewe Alfayo, aliyenunua ndizi mashambani na kuzipakia kwenye malori ya kwenda Nairobi, hakuwa ameiweka katika simu yake. Lakini siku ile ile simu iliita.

"Saluni ya Linet, karibu."

Ilijibu mvua. Aliisikia vizuri, mvua nzito juu ya mabati, na ndani ya mvua hiyo mtu akihema kama aliyepanda kilima. Linet akatazama nje. Jua lilikuwa kali, na mama aliyeuza nyanya mbele ya mlango wake alikuwa amejifunika leso kichwani.

"Nimeambiwa mtanisikiliza," sauti ya mwanamke ikasema, kisha simu ikakatika.

Siku zilizofuata walipiga wengine. Mwanamume alilia bila kutamka neno. Msichana aliuliza kama ni kweli hakuna malipo. Walipoambiwa hii ni saluni, wote waliomba msamaha, na jinsi walivyouomba ndiyo iliyomuuma Linet, kwa sababu walikuwa kama watu waliozoea kuomba msamaha kwa kuwapo tu.

Mteja mmoja ndiye aliyeitafuta ile nambari mtandaoni, akamwonyesha. Ilikuwa kwenye tovuti ya mjini Kisii iliyoorodhesha biashara na huduma za eneo zima, kuanzia mafundi wa magari hadi wauza mbegu. Ukurasa ulisema: Kituo cha Faraja, Suneka. Kwa wote waliolemewa na maisha. Saa zote, siku zote. Piga sasa, utasikilizwa. Juu yake palikuwa na picha ya mzungu mmoja akitabasamu, amevaa vidude vya masikioni.

"Suneka?" mteja akashangaa. "Si hicho kituo kilifungwa kitambo? Hapo siku hizi wanauza dawa za ng'ombe."

Kumbe kituo kilipofungwa laini yake ilikaa bila kutumiwa, kampuni ya simu ikaichukua, ikaiuza upya. Ikaangukia mkononi mwa Linet.

Akaenda Kisii kumtafuta mwenye tovuti. Aliitwa Joash, kijana nadhifu, mwenye adabu, ofisi yake ghorofani juu ya duka la vyombo.

"Hiyo nambari ni yangu," Linet akamwambia.

"Inapatikana?"

"Inapatikana, ndiyo nakwambia ni yangu. Lakini—"

"Na watu wakipiga unashika?"

"Nashika, lakini mimi ni msusi, ndugu yangu. Hao watu wako na shida kubwa."

"Sawa, mama, nimekuelewa. Wacha nishughulikie." Akabonyeza bonyeza kompyuta yake. "Unajua hiyo page ndiyo inafunguliwa kushinda zote? Hata hoteli haziifikii."

Linet akarudi Keumbu ametulia. Ukurasa haukuondolewa. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: kando ya nambari yake palikuwa na tiki ya kijani, na neno Imethibitishwa.

Yule mwanamke wa mvua alipiga tena. Safari hii alijitaja jina, Nyamusi, akasema ameolewa upande wa Nyamira, kwenye mashamba ya chai.

"Dada, hapa ni saluni," Linet akamwambia.

"Najua, nasikia draya. Hata hivyo, usikate."

Linet hakukata. Aliibana simu kati ya sikio na bega, vidole vikiendelea kusuka, akamsikiliza Nyamusi akieleza habari za usingizi uliomhama, na nyumba ambayo akiingia watu hunyamaza. Linet alijibu "pole" na "mh", kwa sababu hakujua kingine cha kusema. Nyamusi akamshukuru kana kwamba amepewa shamba. Kesho yake akapiga tena, na kesho yake.

Halafu ikawa Ijumaa. Ijumaa wanawake wa Sabato wote hutaka nywele kabla jua halijatua, na saluni ilijaa hadi mlangoni. Simu ilipoita, Linet alikuwa na kichwa kimoja mikononi na vingine vikimsubiri.

"Linet," sauti ya Nyamusi ikasema taratibu, "leo nataka kukuambia kitu."

"Dada, nitakupigia. Nikimaliza tu, nitakupigia."

"Sawa."

Hakupiga. Jioni alichoka, na Sabato alikuwa kanisani. Jumapili akakumbuka, akajiambia kesho.

Jumatatu nambari ya Nyamusi ilimpigia. Aliposhika, alisikia mwanamume.

"Hapo ni Faraja? Mimi ni kaka yake Nyamusi. Tulimpata Jumamosi asubuhi. Tunamzika Alhamisi." Akapenga kamasi. "Nimeona nyinyi ndio alipigia mwisho. Alikuwa anatuambia amepata dada wa kumsikiliza. Tukafikiria sasa atapona. Nilitaka tu kusema asante."

Linet aliketi chini, pale pale kwenye nywele zilizokatwa.

*

Jambo lilianza na harufu. Kila mchana, mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya vilima vya Kisii kama kawaida yake, saluni ilinuka majani mabichi ya chai, yale yaliyoshindiliwa kwenye gunia hadi yakapata joto na kuanza kuoza. Linet alifua mataulo, akamwaga dawa sakafuni. Mvua ikigonga bati, harufu inapanda.

Halafu siku moja, mvua ikipiga kiasi cha watu kuongea kwa ishara, mke wa fundi cherehani, mwanamke mcheshi aliyekuwa ameketi chini ya draya akisoma gazeti, aliliacha gazeti lianguke, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kusema kwa sauti ya chini, sauti ambayo haikushindana na mvua bali ilipita ndani yake kama uzi unavyopita ndani ya shanga, sauti ambayo Linet alikuwa ameibana kati ya sikio na bega kwa siku kadhaa, ikisema, "Umemaliza? Ulisema ukimaliza."

Draya ilikuwa haijawashwa. Mvuke ulikuwa ukimtoka mwanamke yule kichwani.

Alipofumbua macho hakukumbuka lolote. Lakini wateja wengine walikuwa wamesikia, na Keumbu ni ndogo. Ndani ya wiki hapakuwa na mtu wa kusuka.

"Ni shetani," Alfayo akasema kwa mnong'ono wakila chakula cha mchana. "Mama Kwamboka, tuite mzee wa kanisa aombe." Binti yao Kwamboka alikuwa shule ya bweni, na wote wawili walimshukuru Mungu kwa hilo.

"Mimi ndiye nilimwacha."

"Wewe ni msusi. Nani alikuweka—"

Hakumaliza. Tonge la ugali lilikuwa bado mdomoni, taya likaacha kutafuna, na nje matone ya kwanza yakaanza kudondoka, moja hapa, moja pale, kisha yote kwa pamoja, na kutoka katika kinywa cha mume wake kilichojaa chakula, bila midomo kusogea, Linet akasikia, "Niliandikiwa hapa. Mlango wazi saa zote. Mbona unatafuta wa kunitoa?" na harufu ya chai iliyooza ikafunika ile ya mboga za chinsaga mezani, na Alfayo akamtazama kwa macho ya mtu anayezama, anayejua anazama, asiyeweza hata kunyoosha mkono.

Mzee wa kanisa alikuja, akaomba hadi shati likamlowa jasho. Mvua ilipokatika akasema ameshinda. Mvua iliporudi, ile sauti ilirudi nayo.

Alfayo ndiye aliyeuliza uliza Suneka hadi akampata Roselyne, mshauri aliyekuwa akiendesha kile kituo kabla hakijafungwa. Alikuja na mwavuli wake, mwanamke wa makamo, mpole, akasikiliza habari yote. Uso wake ulibadilika alipoonyeshwa ukurasa.

"Nilimwandikia huyo kijana wa tovuti aiondoe nambari hii," akasema. "Nambari ya watu wenye shida si kama ya fundi viatu. Fundi akikosekana utatafuta mwingine. Huyu anayepiga hapa, huenda ametumia nguvu zake za mwisho kubonyeza. Anayeiorodhesha hupiga kwanza ajue nani atashika, ndipo aandike. Na asiahidi saa zote kama si saa zote."

Wakati huo mvua ikaanza, na Alfayo akakaza mwili kitini.

Roselyne hakukimbia. Alivuta kiti, akaketi mbele ya Alfayo. "Niko hapa," akasema. "Nakusikiliza. Niambie."

Sauti ikasema. Ikasema juu ya nyumba iliyonyamaza, juu ya usingizi. Roselyne aliuliza, akangoja, akauliza tena, na Linet, aliyejibana ukutani, akaona Alfayo akizidi kunenepa shingo, ngozi ikivutika, na sauti, badala ya kutulia, ikizidi kuwa nzito na tamu, ikiongeza habari za watu wengine, za mwanamume aliyelia, za msichana aliyeuliza malipo, hadi Roselyne akasimama ghafla na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Huyu si Nyamusi," akanong'ona. "Mtu akisikilizwa hutua mzigo. Huyu anashiba."

*

Roselyne ndiye aliyewapeleka kwa Maalim Khamis, Mnubi mzee wa mjini Kisii aliyejulikana kwa kutoa majini. Linet, Msabato wa kuzaliwa, hakuwa amewahi kuvuka kizingiti cha nyumba kama ile. Maalim hakuuliza dini. Alimlaza Alfayo kwenye mkeka, akasoma sikioni mwake kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa ukali, "Nani kakuingiza?"

"Niliitwa," lile jini likajibu. "Nilikuwa nakaa kwenye laini ile baada ya watu kuondoka. Walikuwa wanapiga, wanapiga, hakuna anayeshika. Mimi nilishika. Halafu nikapewa nyumba. Imethibitishwa."

Maalim akafunga kitabu. "Binti yangu, nimetoa majini wa mtoni, nimetoa wa makaburini. Hao huingia kwa kuiba. Huyu amekaribishwa kwa maandishi. Wito ukiendelea, kisomo changu ni maji juu ya jani la mgomba. Uondoe kwanza."

Walikwenda kwa Joash wote wanne. Alimtazama Alfayo, shingo ilivyokuwa, akaivuta kompyuta. Akafuta ukurasa mbele yao. Maalim akasoma hapo hapo ofisini, na Alfayo akatapika maji meusi yenye majani, akalala, akaamka akiuliza wako wapi.

Mchana ule ilinyesha. Hakuna kilichosema. Linet na mumewe walikaa saluni wakishikana mikono kama watoto, wakasikiliza mvua ambayo ilikuwa mvua tu.

Wakati huo simu ikaita. Mtu alikuwa akilia.

Linet alimpigia Joash. Kijana alijitetea. "Mama, mimi nilifuta. Lakini kuna tovuti zingine, zilinakili kwangu. Nimehesabu nikachoka. Zingine hata sijui ziko nchi gani. Nimewaandikia. Hakuna mtu anajibu."

"Na wewe ulikuwa umeitoa wapi?"

"Kwa wengine."

Alfayo alitaka kuivunja laini. Roselyne alikataa. Ikitupwa, akasema, watakaopiga watakutana na ukimya, au itauzwa tena kwa mtu mwingine asiyejua. Basi akamfundisha Linet: asikate, asihukumu, aseme kweli kwamba yeye si mshauri, aulize kama mtu yuko salama sasa hivi na kama kuna aliye karibu naye, kisha amuunganishe na washauri wa hospitali, nambari ambazo Roselyne mwenyewe alizipiga moja moja kuhakikisha. Linet akazishika kwa moyo. Akashika simu ya kijana mmoja wa Keroka, akakaa naye kwenye simu hadi shangazi yake alipofika. Usiku ule alilala usingizi mzito. Alidhani amepata njia.

Siku ya tatu mawingu yalijikusanya mapema. Linet alikuwa ameketi peke yake, simu mapajani, akiingojea. Haikuita. Mvua ikaja, ikapiga, ikapungua, simu bado kimya, na moyoni akasema labda leo watu wamepumzika.

Ilipita saa kadhaa ndipo ikaita. Ilikuwa sauti ya mama mzima, yenye heshima.

"Bwairire, habari za jioni, binti yangu. Wewe ndiye Linet wa Faraja?"

"Ndiye, mama. Uko salama?"

"Mimi niko sawa. Nakushukuru kwa ajili ya msichana wangu. Ameongea na wewe mchana wote, nilikuwa namsikia kule chumbani. Hata alicheka. Muda mrefu hajacheka."

Linet aliibana simu sikioni. "Mchana wote?"

"Eeh. Amesema wewe ni mzuri sana. Sasa, mama, nilitaka kuuliza." Sauti ilianza kutikisika. "Ametoka na hii mvua, hakuvaa hata viatu. Amesema umemwambia aje. Ulimwambia aje wapi?"

Linet alimpa nambari za hospitali, akamwambia apige kelele, awaite majirani, wamtafute sasa hivi, wasingoje. Alimsikia mama akitupa simu na kukimbia akilia jina la mtoto.

Kisha akamwita Alfayo. Alichukua simu ya mumewe, akaipiga laini yake ya saluni. Simu yake ilikuwa pale mapajani, imewaka taa, nzima. Haikutoa mlio wowote. Upande wa pili ukalia mara moja, ukashikwa, na mvua ikasikika juu ya mabati, na ndani ya mvua hiyo sauti yake Linet, yenye huruma kuliko aliyowahi kuwa nayo, ikasema:

"Faraja. Pole sana, mpenzi. Nakusikiliza."