Ubao wa Nyuma ya Kabati

Kabati lililetwa Jumamosi asubuhi, likiwa bado vipande vipande ndani ya boksi jembamba, refu kama mlango. Mshonaji alikuwa barazani akikata sare za shule. Mumewe, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu, alilitua boksi chini, akafuta jasho kwa mkono wenye madoa meupe, akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Mama Kasuku, nguo zako zimepata nyumba. Zimeacha kupanga kwenye masanduku."

"Na fundi wa kulisimamisha yuko wapi?"

"Unamwangalia."

"Mungu azihurumie nguo zangu."

Kasuku alicheka bila kujua anachekea nini. Alikuwa binti yao wa miaka mitano, na hilo jina alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Aliongea akila, aliongea akiogeshwa, aliongea usingizini. Na akilia, mtaa mzima ulijua nani kaumia.

Mume alilifungua boksi chumbani kwa mtoto, maana ndicho kilichokuwa na ukuta mtupu. Karatasi ya maelekezo aliikalia. Mbao za pembeni zilikuwa nzima, milango mizima, skrubu zote zimo kwenye kifuko chake. Ubao wa nyuma tu, ule mwembamba unaopigiliwa mgongoni ili kabati lisilegee, ndio ulikuwa umevunjika katikati.

"Rudisha dukani," mkewe alisema.

"Nibebe tena lote hili kwa ajili ya ubao mmoja? Subiri."

Alikwenda stoo ya uani, mahali ambapo mama mwenye nyumba huweka vitu asivyovitaka lakini asivyoweza kuvitupa. Akarudi na ubao mpana wa rangi ya kahawia, mzito kuliko ulivyoonekana. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Aliukata kwa msumeno, akaugeuza huku na huku, akaupigilia misumari. Sehemu ya katikati ilikuwa imebonyea kidogo na kulainika, kama mahali palipolaliwa muda mrefu.

Kabati likasimama. Mshonaji akaligusa kwa kidole kimoja. Likayumba kama mlevi anayetafuta ukuta.

"Hili litamwangukia mtoto," alisema. Kitanda cha Kasuku kilikuwa mbele yake pale pale.

"Haliendi popote."

"Linakwenda, naliona."

Walihangaika nalo mchana kutwa. Walikaza skrubu zote upya. Walikunja kipande cha boksi wakakichomeka chini ya mguu mmoja, kwa kuwa sakafu ilikuwa na kibonde. Mshonaji akachukua futi yake ya kupimia nguo, akapima kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili, kisha akapima kona zilizobaki, kama anavyofanya akitaka kujua kitambaa kimekatwa sawa au kimekwenda mshazari. Vipimo vililingana. Kabati lilikuwa limenyooka kabisa, na bado liliyumba.

Mwishowe mume aliingiza bega ndani, akaegemea ubao wa nyuma kulituliza, mkewe akawa anakaza skrubu ya mwisho. Alipotoka alijipigapiga begani.

"Limekufa ganzi. Kama nimeazima bega la mtu."

"Uzee huo, Baba Kasuku."

"Uzee gani, na mke niliye naye bado kigoli?"

Wakacheka. Lakini bega halikuamka siku ile, wala siku iliyofuata.

Wakati wanakusanya vifaa, Kasuku aliingia ndani ya kabati, akaweka viganja vyake vyote viwili kwenye ubao wa nyuma. "Nimelishika," alisema. "Baba, lisukume."

Baba yake akalisukuma, akitania. Halikutikisika. Akalisukuma kwa mikono miwili, bila utani. Ilikuwa kama kusukuma nguzo ya nyumba.

"Haya, toka tuone."

Mtoto akatoka. Likayumba.

Mume alisema ataleta vyuma vya kona alifunge ukutani, basi, shughuli iishe. Jumatatu akapata kazi ya kupaka rangi jengo katika mji mwingine, akaondoka na ndoo zake. Mshonaji akamhamishia Kasuku kitandani kwake ili asilale tena mbele ya kabati. Kwa hiyo usiku hakuwa na wasiwasi.

Mchana hakuufikiria.

Kila aliporudi kutoka shule, Kasuku alivua viatu, akaenda chumbani, akaingia kabatini katikati ya nguo zilizotundikwa. Mama yake alimsikia kupitia mlio wa cherehani. Mwanzoni alisikia maneno mengi. Baadaye machache. Siku moja alisimamisha cherehani, akasikiliza, hakusikia kitu. Akaenda kuchungulia. Mtoto alikuwa amesimama gizani, viganja ukutani mwa kabati, macho wazi.

"Unafanya nini humo?"

"Nalishika."

"Unaongea na nani?"

"Sio mtu. Ubao tu." Akafikiri kidogo. "Unapenda kushikwa."

Mshonaji akamtoa, akaufunga mlango wa kabati kwa kipande cha lastiki. Alimkataza. Kesho yake akaikuta lastiki imekunjwa vizuri, imewekwa mezani, karibu na mkasi.

Majirani wakaanza kusema Kasuku amekua, ametulia, ana adabu. Alijikwaa kwenye ngazi akachubuka goti lote, akanyanyuka, akaendelea kutembea huku damu ikiingia kwenye soksi. "Huyu sasa jasiri," mwalimu wake alisema. Mama yake aliiosha ile soksi, akaitazama kwa muda.

Kisha ikaja siku ya pasi. Mshonaji alikuwa amegeuka kuchukua shati la kunyoosha. Alipogeuka tena, Kasuku alikuwa ameweka kiganja kwenye pasi ya moto, kama mtu anavyoweka mkono juu ya meza. Hakulia. Hakukunja hata uso.

"Mama," alisema, "kuna kitu kinanuka."

Kwenye zahanati, muuguzi alimfunga bandeji, huku akimwangalia zaidi mama kuliko mtoto. Akachukua sindano, akamgusa Kasuku kwenye vidole. Hakuna. Kwenye kifundo cha mkono. Hakuna. Kwenye kiwiko.

"Mpelekeni hospitali kubwa," muuguzi alisema kwa sauti ya chini. "Msikae."

Nyumbani, wakati anafunga nguo za safari, mshonaji alichukua pini kwenye kijimto chake cha pini, akajaribu mwenyewe, taratibu, akipanda. Mkono wa kulia, mpaka begani, hakuna. Mkono wa kushoto, hakuna. Miguu, hakuna. Chini ya shingo, Kasuku alishtuka kidogo.

"Hapo nimesikia," alisema mtoto. "Jana nilikuwa nasikia mpaka hapa." Akaonyesha kwapa.

Mama mwenye nyumba alikuja kumpa mgonjwa pole. Kasuku akamwamkia, "Shikamoo, bibi," kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Bibi akaitikia marahaba, akaketi ukingoni mwa kitanda. Kabati lilikuwa wazi, nguo zimetolewa. Akauona ubao.

Akamvuta mshonaji mlangoni.

"Nani kautoa ule stoo?"

"Baba yake. Alihitaji ubao wa nyuma. Tusamehe, mama, hatukuomba."

"Ni ubao wa kitanda," bibi alinong'ona. "Cha dada yangu. Alilala juu yake mpaka alipofariki. Mwili wote ganzi, mwanangu, kuanzia shingoni. Hakuwa akilalamika. Alikuwa akiomba tu tumshike mkono. Anasema, nishikeni, nataka kuhisi tena, hata maumivu."

"Mkamshika?"

Mama mwenye nyumba akanyoosha mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa na makovu ya moto, makovu juu ya makovu, ya mtu anayepika bila kujua anaungua.

"Mimi niliachia mapema," alisema.

Alipoondoka, mshonaji akachukua nyundo. Alimkalisha Kasuku kitandani, akalisogeza kabati mbali na ukuta, akalizunguka, akaingiza ulimi wa nyundo kati ya ubao na fremu. Msumari wa kwanza ukalia. Kabati likaanza kutikisika, si kuyumba, kutikisika, kama mtu mwenye homa. Msumari wa pili ukatoka nusu.

"Mama," Kasuku alisema nyuma yake. Sauti ilikuwa nyembamba. "Shingo imeondoka."

Akaacha.

"Na mdomo," mtoto akasema. Neno la mwisho halikutoka sawasawa.

Mshonaji akaurudisha msumari mahali pake, pigo moja. Kabati likatulia kidogo. Akakaa chini. Alielewa jambo moja tu: ubao ukitoka, utatoka na kilichomo. Na kilichomo ndani ni cha mwanawe.

Hakwenda kutafuta mtu wa kumsaidia. Alisimama, akavua pete, akaiweka kitandani. Akaingia kabatini. Lilikuwa dogo, ilibidi ainame. Akaweka viganja vyake mahali pale penye bonde, palipolainika.

Ubao ulikuwa baridi.

"Mrudishie," alinong'ona. "Mrudishie yote. Chukua kwangu."

Hakuna kilichojibu. Baridi ikaingia vidoleni. Ikapita kwenye kifundo. Haikuuma. Ilikuwa kama mtu anayezima taa za nyumba chumba kimoja baada ya kingine, polepole, bila haraka. Viwiko. Mabega. Kifua. Ilipofika kifuani alitaka kuogopa, akatafuta woga wake, hakuuona.

Nje, Kasuku akalia.

Kilikuwa kile kilio chake cha zamani. Kilipasua nyumba. Maumivu yote ya pasi na ya goti yalikuwa yamefika pamoja. Majirani walitoka kwenye milango. "Kasuku huyo! Kaumia Kasuku!" Mshonaji alitoka kabatini, akamkumbatia mwanawe, akambembeleza kwa maneno yote anayoyajua. Alijua kwamba huo ndio wakati wa kufurahi. Alilijua hilo kama mtu anavyojua siku ya wiki.

Nyuma yake kabati lilikuwa limesimama kimya. Halikutikisika tena.

Mumewe aliporudi, aliambiwa yote. Hakubisha. Alileta ubao mpya wa plaiwudi na vyuma viwili vya kona. Alipoutoa ule wa zamani misumari ilitoka yenyewe, kama ilikuwa imechoka. Akapigilia mpya, akatoboa ukuta, akafunga vyuma, akalisukuma kabati kwa bega. Imara.

"Umeona fundi wako?" alisema, akimtazama mkewe usoni, akisubiri atukanwe kidogo.

"Nimeona," mkewe alisema.

Akasubiri zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akashusha macho, ndipo akaona kwamba mkewe, aliyekuwa anapima mikono ya shati, ameishiwa nafasi kwenye kijimto na amezichomeka pini mkononi mwake mwenyewe, zimejipanga kwenye ngozi, safi, bila damu.

Ubao wa zamani uliegemezwa kwenye ukuta wa uani, upande wa kivuli. Mama mwenye nyumba alileta mafuta ya taa yeye mwenyewe. Ilikuwa mchana, jua limesimama. Kasuku, ambaye sasa hakunyamaza tena hata kwa kuhongwa, alikuwa akimweleza baba yake habari za shule nzima. Kisha akanyamaza. Alikuwa ameusogelea ubao, ameweka sikio.

"Mama," alisema. "Wewe unalia humu."

Watu wazima watatu wakasimama.

"Una joto humu, mama. Unaniita."

Mshonaji alikwenda, akamshika mtoto bega, akamtoa. Mkono wa Kasuku ulikuwa umeshaanza kunyooka kuelekea ubaoni, kiganja wazi, tayari kushika. Mama akauona ule mkono. Akautazama ubao. Kila alichowahi kuhisi kwa ajili ya mtoto huyu kilikuwa humo, na mtoto alikuwa anakisikia, na angerudi kukisikiliza kesho, na keshokutwa.

"Choma," alimwambia mumewe.

"Mama Kasuku, lakini kama wewe umo..."

"Choma, baba. Asije akaushika."

Mume akamwaga mafuta. Kiberiti kikakataa mara ya kwanza, kikakubali. Kasuku akapiga kelele, akajitupa, baba yake akambeba akamkimbizia ndani. "Mnamuunguza mama! Mnamuunguza mama!" Mama mwenye nyumba akafunika masikio.

Mshonaji alibaki amesimama upande wa pili wa ua, mbali na moto, mikono ameifunga kifuani. Aliangalia mpaka ubao ukawa majivu. Hakusikia kitu. Kisha akarudi barazani, kwa sababu zile sare zilikuwa za kuchukuliwa siku hiyo.

Alishona shati moja, akaanza la pili. Kitambaa kikawa kinamteleza. Akakiinua kwenye mwanga. Kwenye weupe wa shati palikuwa na alama mbili za viganja, zimelowa maji ya rangi ya njano. Akageuza mikono yake. Ngozi yote ya viganja ilikuwa imevimba malengelenge, mengine yamepasuka, na kwenye kingo zake nyama ilikuwa nyeusi kama mkaa.

Aliitazama kwa muda, kama mtu anayetazama mikono ya mteja. Kisha akatia maji baridi kwenye beseni, akaloweka shati, ili doa lisikomae.