Springi ya Upande wa Dereva

Aliyeyaona haya ni rafiki yangu, fundi wa magari ya kale, mtu asiyetia chumvi. Mjane mmoja alimwita akague gari la porini lililookotwa msituni, miaka mingi baada ya mumewe kutoweka na gari kama hilo.

"Kaka, niambie kweli. Kama ni lake, nitaacha kumtengea chakula."

Injini ilikwisha kubadilishwa. Milango ilitoka gari jingine. Ndipo rafiki yangu alipoingia uvunguni mwa gari na tochi, akakwangua rangi tabaka kwa tabaka hadi namba ya chesisi ikajitokeza. Ilikuwa ile ile ya kwenye kadi ya gari la mumewe.

"Ni lake, dada!" akapaza sauti. "Hata springi ni za asili. Upande wa dereva umelala; shemeji alikuwa na mwili!"

Mjane akacheka kidogo. "Alikuwa bonge kweli." Kisha akarudi ndani, na sahani moja ikasikika ikirudishwa kabatini.

Banda la gari lilikuwa giza. Juu ya uso wa rafiki yangu, aliyekuwa bado uvunguni, chuma chenye kutu kikaanza kulia, polepole, kama kitanda kinapoachwa na mtu mzito. Hakuna mlango uliofunguka. Katika mwanga wa tochi, springi iliyolala ikapanda, ikalingana na ya upande wa pili.