Vikombe vya Uzi Mwekundu

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare, Wakili alikuwa na kazi isiyosubiri mtu: kuchuja maziwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuna jambo aliloambiwa akalipokea bila kulibishia. Mama yake alidai kwamba mtoto huyu alianza kubishana na mkunga.

Muuza maziwa akipiga kengele ya baiskeli, Wakili alipokea maziwa, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akamwachia mama aliyekuwa ameshawasha jiko. Mama aliyachemsha, akayaacha yapoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani bila kuungua, kisha akatia chachu, yaani mtindi kidogo wa jana. Baada ya hapo yalimiminwa kwenye ndoo ndogo zenye mifuniko, na ndoo zikafunikwa blanketi kwenye kona ya jikoni. Jioni, ukiinamisha ndoo, mtindi ulikuwa umeganda, hautikisiki. Mama aliuuza kwenye dirisha la mbele, na dirisha hilo ndilo lililowalisha.

Halafu mtindi ukagoma.

Kwanza ulitoka mwepesi, kisha ukawa maji kabisa, na mabonge mawili matatu yakielea juu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alirudisha bakuli lake akauliza kwa upole kama hayo ni ya kunywa au ya kunyolea. Wateja wakacheka. Mama hakucheka.

Mama hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alisema mtindi hauharibiki bila uchafu, na mwosha vyombo alikuwa mmoja tu: mdogo wake, ambaye Wakili alimwita mama mdogo. Alikuwa amehamia kwao hivi karibuni baada ya kukosa kazi. Kabla hajaja, mtindi uliganda, alipokuja, ukagoma. Kwa mama, kesi ilikuwa imekwisha.

Siku hizo ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeingia mjini, na mama alikuwa amenunua dumu la dawa ya klorini ya kutakasia vyombo. Kila mtindi ulipoharibika, aliagiza dawa iongezwe.

"Na usisuuze," alimwambia mdogo wake. "Iache ifanye kazi."

Mama mdogo alisugua ndoo mpaka viganja vikachubuka. Ndoo zikanuka kama hospitali. Mtindi ukazidi kuwa maji.

Hatimaye mama alitamka: kama mambo hayatabadilika kufikia mwisho wa wiki, mdogo wake atarudi alikotoka, maana hawezi kumlisha mtu anayeua biashara. Mama mdogo alivuta begi lake kutoka uvunguni, akaanza kukunja nguo. Wakili alilala naye chumba kimoja, na mama mdogo ndiye aliyemsuka nywele na kumsimulia vichekesho mpaka mama agonge ukuta. Alipoona begi lile, aliamua kwamba haliendi popote.

Basi akaichukua kesi, na mtuhumiwa alikuwa naye tayari: muuza maziwa. Si alimwona kwa macho yake akiwa bombani na kopo lake la maziwa? Bila shaka alikuwa akiongeza maji. Tangu hapo kila kitu kilimthibitishia. Maziwa yakiwa na povu jingi, ni maji. Yakiwa na povu kidogo, ni maji vilevile. Muuza maziwa akicheka, anaficha jambo. Akinyamaza, dhamiri inamsuta.

Akampelekea mwalimu wa sayansi maelezo yote haya, akingoja kupongezwa. Mwalimu, mwanamke mrefu aliyependa kukaa kwenye ukingo wa meza, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu: ni kitu gani angekiona kikamfanya aseme muuza maziwa hana hatia?

Wakili alijibu kwamba hakuna kitu kama hicho.

"Basi hujachunguza," mwalimu alisema. "Umeshahukumu, sasa unaokota ushahidi. Dhana ni ya kujaribiwa, si ya kutetewa. Sema kabla ya kujaribu: nikiwa sahihi nitaona hiki, nikiwa nimekosea nitaona kile. Halafu ubadilishe jambo moja tu. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi lililokujibu."

Wakili alirudi nyumbani nusu akikimbia. Alimsihi mama ampe ndoo mbili za kujaribia, na mama, ambaye alikuwa akimwaga ndoo nzima kila jioni, alisema mbili zaidi hazitamuua. Ndoo moja ilitiwa maziwa ya muuza maziwa, ya pili maziwa ya dukani. Chachu ileile, blanketi lilelile. Wakili akatangaza mbele ya wote: maziwa yetu yakiwa ndiyo mabaya, haya yatakuwa maji na ya dukani yataganda.

Jioni, ndoo zote mbili zilikuwa maji.

Alizikasirikia. Alitaka kusema kwamba duka nalo linaongeza maji, kwamba wauzaji wote wamekula njama. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini. Akayameza, kwa sababu alikuwa ametaja mwenyewe atakachokiona, na hakukiona.

"Muuza maziwa hana hatia," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Nilikwambia," mama alijibu. "Ni mikono."

Wakili akageuka. Kumbe na hiyo ilikuwa dhana, tena hakuna aliyewahi kuijaribu. Akamwomba mama aoshe ndoo moja kwa mikono yake mwenyewe, na mama mdogo aoshe nyingine, kisha wazijaze maziwa yaleyale. Mama alikubali upesi kwa kuwa alijua atashinda. Alikunja mikono ya gauni, akasugua ndoo yake, akaisuuza kwa dawa mara mbili ili asibaki mtu na shaka.

Siku ya pili ndoo ya mama mdogo ilikuwa maji. Ya mama ilikuwa maji zaidi. Mama mdogo alijifunika uso kwa ukingo wa kanga, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko. Mama akasema basi ni chachu, imeshachafuliwa na mtu anayemjua. Wakili akamtazama. Lilikuwa lile povu la muuza maziwa tena, safari hii mdomoni mwa mama.

Alikwenda kuosha kikombe alichokorogea chachu. Kilikuwa kikombe chake cha bati cha chai, alichokichukua kabatini kwa haraka. Maziwa kidogo yenye chachu yalikuwa yamebaki ndani tangu jana, na kikombe kikasahaulika chini ya pindo la blanketi. Akakiinamisha juu ya karo.

Hakikumwagika kitu.

Akakitikisa. Mtindi ulikuwa umeganda vizuri, mweupe na laini. Maziwa yaleyale, chachu ileile, blanketi lilelile. Kwa hiyo chachu ni nzima. Kikombe kina nini ambacho ndoo hazina? Udogo? Bati? Akanusa kikombe: mtindi. Akanusa ndoo: hospitali.

Kikombe cha kabatini hakikuwahi kuguswa na dawa.

Alitamani kupiga kelele mtaa mzima usikie, lakini alikumbuka jinsi alivyokuwa na uhakika kuhusu muuza maziwa. Akakusanya vikombe vyote vya bati vya nyumbani, vyenye ukubwa mmoja. Vyote aliviosha kwa sabuni, vyote akavitia dawa. Nusu akaviacha bila kuvisuuza, akavifunga uzi mwekundu kwenye vishikio. Nusu alivisuuza kwa maji yaliyochemshwa, akavifunga uzi mweupe, kisha vyote akavijaza maziwa yenye chachu ileile. Maana ya nyuzi hakumwambia mtu, ila alisema vya rangi moja vitaganda na vya rangi nyingine havitaganda, na kwamba vyote vikigoma au vyote vikiganda, basi amekosea tena.

Mama aliuliza siri hiyo ni ya nini.

"Ukijua utaona unachotaka kuona."

"Unaniambia mimi?"

"Hata mimi, mama. Mimi ndiye nilikuwa naona maji kwenye povu."

Mama akarudi kwenye jiko lake.

Alasiri ya mwisho wa wiki begi la mama mdogo lilikuwa limeshasimama mlangoni. Mama aliketi kwenye kigoda, akapokea kikombe cha kwanza, chenye uzi mwekundu. Alipokiinamisha tu, maziwa yalimwagika mpaka miguuni. Cheupe: hakuna kilichotoka. Chekundu tena, maji. Cheupe, kimya. Kufika cha tano Wakili alikuwa anarukaruka, na mama mdogo amemshika bega naye akirukaruka bila kujua kwa nini.

Ndipo Wakili akaeleza. Mtindi unagandishwa na vijidudu hai vilivyomo kwenye chachu, na dawa inayobaki chomboni haichagui. Inaua vijidudu vibaya na vizuri. Mama akanyanyua dumu la dawa, akasoma maelekezo yake kwa mara ya kwanza. Yalisema kipimo ni kifuniko kimoja kwa ndoo ya maji, kisha suuza. Akalirudisha chini polepole.

"Tena," alisema. "Kesho, kwa ndoo kamili. Zikiganda, nitaamini."

Ziliganda zote. Mama akaenda mlangoni, akainua begi, akalirudisha chumbani mwenyewe. Wakili alimsikia akimwomba mdogo wake radhi, jambo alilolifanya kama kila kitu chake, haraka na bila mapambo. Wakili naye alikuwa na deni. Muuza maziwa alipokuja, alimweleza yote na kumwomba msamaha. Mzee wa watu alimsikiliza mkono ukiwa kwenye kengele.

"Kumbe nilifungwa na kuachiliwa, na mimi sina habari," alisema, akacheka. Safari hii Wakili alikisikia kuwa kicheko tu.

Dirishani foleni ilikuwa imeanza kurudi. Wakili alimwambia mama kwamba hatimaye ameshinda kesi.

"Hujashinda kesi," mama alisema akichota mtindi. "Ulimshuku asiyehusika, na mimi nikamwonea ndugu yangu. Kilichotuokoa ni kwamba ulikubali umekosea, ukaendelea kutafuta. Ukiwa na wazo, lijaribu kwa ukali kama vile ni la mtu usiyempenda. Likistahimili, liamini. Na vyombo vitaoshwa kama kawaida, sabuni, dawa kwa kipimo, maji ya kusuuza. Asije mtu akaniambia sayansi imekataza kuosha."

Akamkabidhi bakuli lililojaa mpaka ukingoni.

"Mpelekee kinyozi. Mwambie hili la leo halinyoi."