Aliyetangulia Kuingia Hemani

Theluji iliyokuwa kwenye ndevu za Gaétan haikuyeyuka. Hilo ndilo Odile aliloliona kwanza. Mumewe alikuwa ameenda kuchota maji kwenye tundu walilotoboa katika barafu ya ziwa, akarudi hemani, akaketi karibu na jiko la bati lililokuwa jekundu kwa moto, na bado ndevu zake zilikuwa nyeupe vilevile.

"Maji yako wapi?"

"Nimeyaacha."

"Umeyaacha wapi, we mzee? Supu nipikie mate?"

Siku nyingine Gaétan angemrudishia utani mchafu zaidi. Sasa alilitazama jiko tu.

Ilikuwa alasiri, na giza la Januari lilikuwa limeshaanza kuingia katika misitu ile ya kaskazini mwa bonde la Saguenay. Kila mwaka walikuja hapa na binti yao Noémie, wakapiga hema na kulala juu ya matawi ya misonobari. Odile hakuwa mtu wa kuogopa msitu.

"Mama," Noémie alinong'ona, "Baba ananuka tope."

Kweli. Tope la chini kabisa ya ziwa, lisilowahi kuona jua. Gaétan akanyoosha mkono, akamshika mtoto kiganja, taratibu.

"Njoo unipashe joto."

"Mama, mkono wangu umekufa ganzi."

Hapo nje theluji ikasikika ikikanyagwa, halafu sauti ya Gaétan, akihema: "Odile! Nifungulie, nimebeba ndoo! Maji yamenimwagikia mguuni, naganda huku!"

"Usimfungulie," akasema aliye ndani, kwa sauti ileile. "Huyo si mimi."

Odile hakupiga kelele. Alisimama, akafungua kamba za mlango kwa vidole ambavyo havikuwa tena kama vyake, akamwona mumewe mlangoni na ndoo, barafu ikimyeyukia ndevuni kwa joto lililotoka hemani, akamwona anavyotazama ndani na anavyoiachia ndoo ianguke, na yeye mwenyewe hakusikia woga wala chochote, kama mtu anayetazama nyumba ya jirani kupitia dirishani.

"Huyo nani?" Gaétan akauliza kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, mume wangu. Amemshika mtoto."

Noémie alikuwa ameacha kulalamika. Midomo yake imepauka, macho wazi, hayatazami kitu.

"Mwachie," Odile akasema.

"Nina baridi," kikajibu kile kitu.

"Huyo ni mdogo, hana joto la kukutosha. Nishike mimi."

Kikamtazama kwa mara ya kwanza. Kikamwachia mtoto, kikamshika Odile mkono wa kushoto, naye akakitoa nje kama anavyotolewa mgonjwa kwenda msalani, akampita mumewe ambaye hakuweza kuinua mguu, akateremka nacho mpaka ziwani huku ganzi ikimpanda kiwiko, bega, shingo, na pale kwenye tundu kikajitumbukiza bila maji kuruka, kikamvuta mpaka shavu lake likalala juu ya barafu na mkono wote ukawa chini ya maji, na hakikusema neno, kilikuwa kinashika tu, kinashika tu, mpaka kiliporidhika kikaachia.

Garini, wakikimbilia hospitali, joto lilipoanza kuwarudia, Noémie alilia kwa maumivu ya vidole. Gaétan, mguu ukimchoma, alitukana kama watukanavyo wazee wa kwao, kwa kutaja vyombo vyote vya kanisa. Odile alikaa akisubiri maumivu yake. Hayakuja.

Hospitali hawakuona tatizo. Fernande, mama yake Gaétan, ambaye watu wa bonde lile humwendea awasomee maneno damu inapokataa kukatika, aliushika mkono ule, akausomea maneno yake, akauchoma sindano.

"Unasikia?"

"Hapana, mama."

Akamwekea kiganja kifuani. "Na hapa? Ukimtazama mtoto?"

"Nakumbuka jinsi ilivyokuwa," Odile akasema.

Fernande akairudisha sindano mfukoni. "Kimeondoka, mwanangu. Ila hakikuondoka mikono mitupu."

Mkono unafanya kazi. Unakanda mkate, unamsuka Noémie nywele. Lakini wanapovuka barabara kwenda shule, mama anapounyoosha, mtoto hausukumi. Huzunguka nyuma yake na kuja kushika ule mwingine.